Waliofichwa na Kichujio

Mhadhara kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa



Nianze na orodha. Chukulieni kikundi chenye wanachama 120 katika mitaa sita. Orodha yao iko kwenye Excel: jina, mtaa, namba ya simu, kisha hisa za kila mwezi, Januari hadi Desemba. Machi imekwisha na katibu anataka kujua nani hajalipa. Anabonyeza kishale kidogo kilicho juu ya safu ya Machi, anaondoa tiki zote, anaacha moja tu kwenye neno Blanks lililo chini kabisa ya orodha inayoshuka, anabonyeza OK. Skrini inambakishia majina 14. Majina hayo yanakwenda kwenye kundi la WhatsApp, na nyuma yake habari ya faini.

Haipiti robo saa simu zinaanza kulia. Wawili katika wale 14 wamelipa, na risiti wanazo. Hilo ni tatizo, lakini ni tatizo lenye mdomo: aliyeonewa atasema. Kilichonileta hapa ni tatizo lisilo na mdomo. Wapo watu tisa ambao hawajalipa na majina yao hayamo katika 14. Hao hawatapiga simu. Nani atapiga simu kulalamika kwamba hakudaiwa? Watatulia mpaka siku ya kuvunja mzunguko na kugawana, na hapo ndipo hesabu itakapokataa, miezi tisa baada ya kosa kutendeka, wakati hakuna anayekumbuka Machi kulikuwa na nini.

Anayechuja tui kwa kifumbu anaiona chicha iliyobaki. Akitaka ataikamua mara ya pili. Kichujio cha kompyuta kinakupa tui na kuificha chicha. Kilichobaki nyuma hukioni, na usipokitafuta kwa makusudi hutajua kama kilikuwa kikubwa au kidogo.

Hoja yangu leo ni moja. Kichujio hakidanganyi. Kinajibu swali lililoandikwa kwenye jedwali, na swali lililo kichwani mwa katibu hakilijui. Maswali hayo mawili huachana njia pale penye seli tupu. Ndiyo maana mtu akiniambia filta yake haifanyi kazi, filta yenyewe naiangalia mwisho. Kwanza naangalia nafasi zilizoachwa wazi na kuuliza: aliyeziacha wazi alikuwa na maana gani?

Tukubaliane maneno kabla ya kwenda mbele. Kisanduku kimoja ni seli. Mstari unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia na unabeba habari za mwanachama mmoja. Safu inashuka kutoka juu kwenda chini na inabeba habari za aina moja, kama namba za simu zote. Nitazungumzia zaidi Excel kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za ofisi na steshenari zetu. Wenye Google Sheets na LibreOffice watakuta mambo ni yale yale kwa sehemu kubwa, ila vitufe vimekaa pengine.

Ukisimama kwenye seli moja ndani ya orodha na kubonyeza Ctrl, Shift na L kwa pamoja, programu inaweka kichujio. Lakini hukuiambia orodha inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa hiyo inakisia. Inapanua macho yake juu, chini, kushoto na kulia mpaka ikutane na mstari mzima usio na kitu, au safu nzima isiyo na kitu. Hapo inasema: orodha imeishia hapa. Seli tupu moja moja haziisumbui. Ukikosa namba ya simu ya mtu mmoja, jina lake bado linauunganisha mstari huo na mingine. Kinachoikatiza ni mstari usio na herufi hata moja.

Na sisi mistari ya namna hiyo tunaipenda. Tumeirithi kutoka kwenye daftari: ukimaliza mtaa mmoja unaruka mstari, unaanza mtaa mwingine, ukurasa unapendeza. Kwenye daftari ni adabu. Kwenye lahajedwali ni ukuta. Katika orodha yetu ya watu 120, mtaa wa kwanza una watu 20, halafu mstari mtupu. Kichujio kitawashika hao 20 tu. Wale 100 walio chini ya ukuta hawachujwi kabisa: wanabaki wote wakionekana, waliolipa na wasiolipa, kana kwamba wote wamepita kwenye mchujo. Mwenye skrini ndogo anaweza asigundue, maana anaona majina ya juu yamepungua na kuridhika. Na kama katika mtaa wa kwanza wote wamelipa, neno Blanks halitaonekana kwenye orodha inayoshuka. Katibu atasema, na nimesikia wakisema, kwamba kompyuta imeharibika au programu ni ya wizi.

Kuutafuta ukuta huo si kazi. Simama kwenye jina la kwanza, bonyeza Ctrl pamoja na kishale cha kushuka. Kishale kikisimama mahali kabla ya jina la mwisho, umeupata ukuta wako, au angalau umepata seli tupu katika safu ya majina, ambayo nayo ina maelezo ya kutoa. Baada ya kuchuja, tazama namba za mistari upande wa kushoto: ndani ya eneo la kichujio zinageuka buluu, nje ya eneo zinabaki na rangi yake ya kawaida. Tazama pia ukanda wa chini ya skrini, mara nyingi hukuambia mistari mingapi imepatikana kati ya mingapi. Ukiona inasema kati ya 20, na kikundi chako kina 120, usiendelee.

Dawa yake ni kufuta mistari mitupu. Asiyetaka kuifuta na aburute kipanya kuchagua eneo lote, kuanzia vichwa vya safu hadi jina la mwisho, ndipo aweke kichujio. Hapo programu haikisii tena. Dawa bora zaidi ni kuigeuza orodha kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl na T. Jedwali rasmi linajua mipaka yake, na ukiandika mwanachama mpya chini ya wa mwisho, linakua lenyewe. Mstari mtupu mmoja tu ndio ninaoutetea: ule unaoitenga orodha na mstari wa JUMLA ulio chini yake. Ule una kazi, kwa sababu unazuia jumla isichujwe kama mwanachama.

Msidhani kukosea eneo ni ugonjwa wa vikundi vidogo. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, makala iliyonukuliwa sana na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alifungua lahajedwali lao akakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Kulikuwa na mambo mengine yaliyobishaniwa katika makala ile, lakini lile la mistari mitano halikubishaniwa, waandishi walilikubali. Hapakuwa na onyo lolote kwenye skrini kwa miaka mitatu.

Sasa tuje kwenye seli zilizounganishwa, ambazo kwangu ndizo adui mkubwa zaidi, kwa sababu zinatengenezwa na watu makini. Katibu mwenye mkono safi hapendi kuandika jina la mtaa mara 20. Anaandika mara moja, anachagua seli zote 20 za safu ya mtaa, anabonyeza Merge, jina linakaa katikati, zuri, limenyooka. Anachapisha, anabandika ukutani, kila mtu anaelewa.

Mashine haielewi hivyo. Seli zikishaunganishwa, thamani inakaa katika seli ya juu kushoto peke yake. Zile 19 nyingine ni tupu. Ukichuja mtaa huo utapata mtu mmoja, yule wa kwanza, na wenzake 19 watakuwa wamekwenda na Blanks, wakiwa wamechanganyika na watu wa mitaa mingine yote. Nimeona orodha za wagawiwa, orodha za wanafunzi, orodha za vituo vya maji, zote zimepambwa namna hii. Anayeletewa faili kama hilo atoe takwimu za kila mtaa anapata mtu mmoja mmoja, anashangaa mtaa mzima umehamia wapi.

Hili nalitolea muda kwa sababu marekebisho yake ni mafupi na watu hawayajui, matokeo yake wanakesha wakiandika upya. Chagua safu yote ya mtaa, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. Bonyeza Merge tena ili kuzitenganisha. Sasa majina ya mitaa yako juu ya kila kundi na chini yake kuna nafasi. Safu ikiwa bado imechaguliwa, bonyeza Ctrl na G, kisha Special, kisha Blanks, kisha OK. Programu itazichagua seli tupu zote kwa mara moja. Usiguse kipanya. Andika alama ya usawa, bonyeza kishale cha kupanda mara moja, halafu shika Ctrl ubonyeze Enter. Kila seli tupu itachukua jina la iliyo juu yake, na mitaa yote itajaa kwa kupepesa jicho. Bado hujamaliza. Zile seli mpya ni fomula zinazotazama juu. Ukipanga orodha upya kwa alfabeti zitatazama juu ya mtu mwingine na kumhamishia mtaa wake. Kwa hiyo chagua safu tena, nakili, kisha ubandike thamani peke yake, juu ya mahali pale pale. Sasa jina la mtaa ni jina, si fomula.

Wanaotumia simu hawana njia hiyo kamili. Wao waandike jina la mtaa katika kila mstari tangu siku ya kwanza. Kuburuta seli chini mara 19 ni sekunde tatu. Kama mwenyekiti anataka karatasi nzuri ya ukutani, tengenezeni nakala ya ukutani. Lakini faili la kazi libaki na sura mbaya inayosema kweli.

Nirudi kwa wale tisa waliokwepa. Walikwepaje? Kwa sababu katika safu ya Machi seli zao zinaonekana tupu na si tupu, au zimeandikwa kitu ambacho kwa katibu ni sawa na utupu.  Baadhi wana kistari kifupi. Wengine wana sifuri. Mmoja ameandikiwa "atalipa kesho", maneno yaliyotoka moyoni, ila kwa kompyuta hiyo ni seli iliyojaa. Katibu alichagua Blanks, na hao wote si Blanks.

Sifuri ina ujanja wake. Excel inaweza kuambiwa isionyeshe sifuri, na yako mafaili yanayosambazwa yakiwa na mpangilio huo. Vile vile yapo ambayo mtu amepaka maandishi rangi nyeupe ili karatasi ipendeze. Macho yako yanaona weupe. Kichujio kinaona kilichoandikwa.

Kuna fomula ndogo za kuipima seli, na nawasihi mzizoee kama mlivyozoea kuhesabu noti mbele ya mlipaji. LEN inakuambia seli ina herufi ngapi. Seli tupu ya kweli inatoa 0. Yenye nafasi moja inatoa 1, na hapo umeshamkamata. ISBLANK inauliza kama seli haina kitu kabisa, na ni kali: hata fomula iliyotoa jibu tupu, ile yenye alama mbili za kunukuu zisizo na kitu kati yake, ISBLANK inaikataa, maana mle ndani kuna fomula. COUNTBLANK ni mpole, yeye fomula ya namna hiyo anaihesabu kuwa tupu, ila nafasi haikubali. COUNTA anahesabu kila seli yenye chochote, ikiwemo fomula iliyotoa utupu. Kwa hiyo inawezekana kabisa seli moja ikahesabiwa na COUNTA kuwa imejaa na COUNTBLANK kuwa tupu, na ukizijumlisha ukapata watu wengi kuliko ulionao. Fomula zote mbili ziko sahihi kwa sheria zake, na jumla ikizidi 120 umepata dalili kwamba safu hiyo ina utupu wa bandia.

Nafasi za kawaida zinaondolewa na TRIM. Iko nafasi nyingine, inayotoka hasa kwenye maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti, ambayo TRIM haiigusi. Namba yake ni 160, na inaondolewa kwa SUBSTITUTE pamoja na CHAR(160). Utupu uliobaki baada ya kubandika thamani za fomula una dawa rahisi kuliko zote: chuja Blanks, chagua seli zilizotokea katika safu hiyo, bonyeza Delete. Zilikuwa zinaonekana tupu. Sasa ni tupu kweli.

Mpaka hapa ni ufundi, na fundi yeyote wa kompyuta angewaambia. Lililo gumu linafuata, nalo haliko ndani ya kompyuta.

Tuseme miezi imepita na mmesafisha kila kitu. Hakuna nafasi, hakuna vistari, hakuna seli zilizounganishwa. Machi ina seli tupu 30 za kweli. Maana yake nini? Huyu hajalipa. Huyu amelipa kwa simu siku ya mwisho na katibu hajaingiza. Wale wawili wenye risiti walikuwa wa namna hii. Huyu aliingia kikundini Mei, kwa hiyo Machi haimhusu. Huyu alifiwa, na kikao kikamsamehe mwezi mmoja. Watu wanne, hali nne tofauti kwa haki na kwa fedha, na kwenye jedwali wote wana alama ile ile: hakuna kitu. Hakuna kichujio duniani kitakachowatenganisha, kwa sababu tofauti yao haikuandikwa popote.

Msijione wazembe; jambo hili limewasumbua wakubwa. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM, ndiye aliyeweka mwaka 1970 msingi wa kinadharia wa hifadhidata zinazotumika hadi leo katika mabenki na maofisi. Mwaka 1979 aliandika kuhusu namna ya kushughulikia thamani isiyokuwepo, na baadaye akapendekeza ziwe alama mbili: moja ya kitu kilichopo lakini hakijulikani, nyingine ya kitu kisichomhusu mtu huyo. Namba ya simu ya mtu ambaye hamjaiuliza si sawa na namba ya simu ya mtu asiye na simu. Lugha ya hifadhidata iliyoenea, SQL, ilibaki na alama moja tu, na mabishano juu ya hilo hayajaisha.

Watu wa takwimu za afya walilitatua kwa mkono. Katika mafaili ya uchunguzi wa demografia na afya, ule uliofanyika Tanzania na Kenya mwaka 2022, swali ambalo halimhusu mhojiwa linaachwa tupu. Swali lililomhusu na jibu likakosekana linapewa 9 au 99 kulingana na upana wa safu. Aliyejibu "sijui" anapewa 8 au 98. Utupu una maana moja tu, na maana hiyo imeandikwa. Vivyo hivyo katika DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaobeba taarifa za vituo vya afya hapa Tanzania na Kenya, sifuri haihifadhiwi mpaka kipengele husika kiwe kimewekwa kuikubali. Kituo ambacho hakikupata kifo cha malaria mwezi huu na kituo ambacho hakikuleta taarifa vinaweza kuonekana sawa kama hakuna aliyelifikiria hilo mapema. Hebu mwone uzito wake: mahali penye amani na mahali penye kimya, alama moja.

Na utupu usiofafanuliwa unageuka kulingana na namna unavyouliza. Tuseme hisa ya mwezi ni 20,000. Katika Excel, chuja Machi kwa sharti la "isiyo sawa na 20,000", na seli tupu zitakuja pamoja na waliolipa pungufu. Chuja kwa sharti la "chini ya 20,000", na seli tupu zitatoweka, kwa sababu utupu haulinganishwi na namba. Kwa katibu, maswali hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja: nani hakutimiza? Majibu yanatofautiana watu 30. Kisha siku kikundi kikikua, orodha ikahamishiwa kwenye hifadhidata ya kweli, lile sharti la "isiyo sawa na" litaanza kuwaacha nje wenye utupu, kwa kuwa SQL haisemi utupu ni tofauti na 20,000, inasema haijui. Swali lile lile, orodha ile ile, jibu jingine.

Nitapita haraka kwenye mitego michache midogo. Fomula ya FILTER katika Excel mpya hurudisha 0 pale ilipokuta seli tupu. Safu ikiwa ya tarehe, sifuri hiyo itavaa sura ya 00/01/1900, na mtaanza kuulizana nani alilipa hisa wakati wa Mjerumani. Anayetumia kichujio cha hali ya juu, kile chenye eneo la masharti, ajihadhari asiache mstari mtupu ndani ya eneo hilo: mstari mtupu pale unamaanisha "yeyote", na utaletewa watu wote. Ukipanga orodha, seli tupu huenda chini kila mara, upange kwa kupanda au kwa kushuka. Na kichujio hakijisahihishi: ukijaza seli iliyokuwa tupu, mstari wake utabaki unaonekana mpaka ubonyeze Reapply.

Jumla ninaiwekea neno zaidi, maana hapo ndipo fedha zinapoguswa. SUM inajumlisha vyote, vinavyoonekana na vilivyofichwa. Ukichuja mtaa mmoja na kuitazama SUM chini, unatazama fedha za mitaa sita ukidhani ni za mmoja. Tumieni SUBTOTAL yenye namba 9, inaacha waliochujwa. Namba 109 inaacha hata mistari uliyoificha kwa mkono. Kuhusu wastani, AVERAGE inaruka seli tupu lakini inahesabu sifuri. Aliyeachwa tupu hashushi wastani, aliyeandikiwa 0 anaushusha. Tena tunarudi pale pale: katibu aliyeandika 0 na katibu aliyeacha wazi wametoa taarifa mbili tofauti kwa mkutano mkuu bila kubishana hata neno.

Na kubandika. Ukiwa umechuja, ukanakili namba 14 kutoka kwingine na kuzibandika mbele ya majina 14 unayoyaona, Excel inazimwaga mfululizo, mstari kwa mstari, zikiwemo seli za waliofichwa. Majina uliyokusudia yatapata chache, na wengine wasiohusika watapata malipo ambayo hawakulipa. Ondoeni kichujio kabla ya kubandika.

Kufichwa si kufutwa. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika, na Barclays ikanunua sehemu ya biashara yake Marekani. Orodha ya mikataba ambayo Barclays ilikubali kuichukua ilikuwa kwenye lahajedwali. Mikataba isiyotakiwa, 179, haikufutwa. Mistari yake ilifichwa tu. Usiku wa kuwahi muda wa mahakama ya New York, wakili kijana alilipanga upya faili ili ligeuzwe kuwa PDF, na katika kulipanga ile mistari ikafunguka. Mikataba 179 ambayo benki haikuitaka ikaingia kwenye orodha iliyopelekwa mahakamani, na mawakili wakalazimika kurudi kuomba irekebishwe. Ninyi mnaotumiana mafaili kwa WhatsApp jueni hivyo hivyo: faili ulilolichuja ukabakisha mtaa mmoja, ukimtumia mtu, umemtumia mitaa sita, pamoja na simu na madeni ya watu 120. Anabonyeza kishale, anawaona wote.

Vikundi vyetu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya 2018, viko daraja la nne, na kumbukumbu zake zinaweza kuulizwa na mtu wa nje ya kikundi. Mtu huyo hatawakuta ninyi mezani mmweleze kwamba hapa tuliacha wazi kwa sababu ya msiba. Atalikuta faili.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kwenye kikao kijacho, kabla ya mengineyo, amueni kikundi chenu kitaandika nini kwa asiyelipa, kwa aliyesamehewa na kwa ambaye alikuwa hajajiunga. Mimi ningeandika 0 kwa asiyelipa, neno MSAMAHA kwa wa pili na HAHUSIKI kwa wa tatu. Ninyi chagueni mtakavyo, mradi iwe moja kwa wote. Seli tupu ibaki na maana moja tu: katibu hajaingiza. Hapo Blanks itakuwa orodha ya kazi za katibu, na haitakuwa tena orodha ya wadaiwa. Uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na unakiliwe kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lenyewe, ili katibu atakayewapokea aukute. Na yeyote atakayetuma majina ya wadaiwa kundini, aanze kwa kuandika mstari mmoja: nimechuja wangapi, kati ya wangapi.